Jua la Kivulini Halichomi

Namna Mwanakheri alivyofika nchi ya Kivulini haina haja ya kuelezwa, kwa sababu hata yeye akiulizwa husema alisinzia, akaamshwa, akaambiwa ashuke. La maana ni kwamba alishuka saa tatu asubuhi akiwa amemshika mkono Raziki, mtoto wa kaka yake, na kwamba hakwenda kule kutembea tu. Alikwenda kutimiza ahadi.

Raziki alikuwa na miaka minane, na alizaliwa na ualbino. Yeye na jua hawakupikika chungu kimoja. Kliniki walikwishasema: mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa mbili, kofia pana, mikono mirefu, na kuanzia saa nne hadi saa kumi mtoto akae pasipo jua. Kwa hiyo kila wenzake wa shule walipopelekwa kuogelea, yeye aliachwa darasani na mwalimu wa zamu. Mara ya tatu alirudi nyumbani akalala, hata kula hakula. Mwanakheri, ambaye ni fundi cherehani na ulimi wake haujapata kulala njaa, alimwamsha asubuhi akamwambia, "Wewe utaogelea. Nakuahidi mimi, shangazi yako, siyo mgombea."

Akamshonea nguo ya kuogelea kwa wiki mbili. Ilikuwa ya kitambaa cha kuvutika, kijani, mikono hadi kwenye viganja, miguu hadi vifundoni, kola inayopanda mpaka kidevuni, na kila mshono ameupitisha mara mbili. Kisha akasikia habari za Kivulini: kwamba katikati ya nchi hiyo pana bustani ya maji ya watoto isiyo na mfano, kwamba kuna sheria ya kuwalinda watoto na jua, na kwamba hata siku ya taifa imetengwa kwa jambo hilo. Akaichagua siku hiyohiyo. Maskini, hakujua kwamba siku yenye jina ndiyo yenye hotuba.

Bustani yenyewe ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Palikuwa na mitelezo saba ya rangi, mmoja umejipinda kama utumbo wa mbuzi, na mabwawa matatu ya maji maangavu yaliyotulia tuli. Kilichomtia wasiwasi Mwanakheri ni huko kutulia. Watoto kama mia tatu walikuwa wamekwishafika, wamepangwa mistari kwenye sakafu ya saruji, na hapakuwa na hata mmoja aliyelowa.

Getini, chini ya mwavuli wenye mistari, aliketi Afisa Mkaguzi wa Mavazi ya Maji, aliyeitwa Bwana Futikamba. Alikuwa mtu wa adabu nyingi na kipara kikubwa.

"Karibuni sana, mama. Leo ni Siku ya Kuwakinga Watoto na Jua. Mtoto avue kofia."

"Avue kofia?"

"Kofia inaficha sura, mama, na mgeni rasmi akija lazima aone nyuso zenye furaha."

Mwanakheri akadhani ni mzaha, akacheka. Bwana Futikamba hakucheka. Aliitwaa ile kofia pana kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaiweka kwenye meza ya vitu vilivyozuiwa. Kisha akatoa utepe wake wa kupimia, akaulaza juu ya mkono wa nguo ya Raziki kuanzia begani.

"Sentimita mia moja na mbili," akatangaza.

"Baba yangu, mkono wa mtoto wa miaka minane uwe mita nzima?" alisema Mwanakheri. "Umeanzia kwenye mia na hamsini. Geuza utepe."

"Hapa tunaanzia mwisho, mama. Ukianzia mwanzo utaambiwa unapendelea watoto." Akaandika. "Na mkono wa nguo ya kuogelea hauruhusiwi kuvuka kiwiko. Kanuni ya tisa."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mkono mrefu unadai kwamba jua linachoma. Na jua la Kivulini halichomi."

Alilisema hilo kama mtu anavyosema kwamba leo ni Jumamosi. Mwanakheri alipomkazia macho ndipo akaelezwa. Miaka mingi nyuma iliundwa Tume ya Jua, watu tisa wenye elimu, ichunguze kama jua la nchi hiyo linadhuru. Tume ilikaa miaka mitatu. Ilifanya kazi mchana kutwa, kila siku, chini ya turubai kubwa lenye feni nne, na mwisho wajumbe wote tisa, bila hata mmoja kupinga, waliandika kwamba hawakuhisi chochote.

"Sasa kama halichomi, mnawakinga watoto na nini?"

Bwana Futikamba alishusha sauti. "Siku hii ililetwa na wafadhili, mama. Ilikuja na kofia zake mia tatu. Siku ikija na kofia zake, utaanzaje kuikataa?"

Mwanakheri akatazama mistari ya watoto. Hapakuwa na kofia hata moja. Akatazama kule kwenye turubai kubwa, mbele ya mabwawa, ambako wakuu wa nchi walikuwa wakinywa soda. Kofia zilikuwa huko, vichwani mwao na nyingine mapajani, zote zimeandikwa kwa herufi nyekundu: MTOTO KWANZA.

Mafuta ya kukinga jua nayo yakazuiwa, kwa kuwa huchafua maji. Ilikuwa saa nne kasoro. Mwanakheri alikuwa amempaka Raziki saa tatu, kabla ya kuingia, maana yake mpako mwingine ulitakiwa saa tano. Akaanza kuhesabu kichwani, na kuanzia hapo hakuacha kuhesabu.

"Na nguo yenyewe," akamalizia Bwana Futikamba, "itaamuliwa na Kikao cha Mikono. Kinakaa leo hii. Simameni mstarini."

Ili msomaji asipotee, ni vizuri ajue desturi kuu ya nchi hiyo. Kule kivuli ni cheo. Mhudumu wa kawaida hupewa kivuli cha mlingoti, na hulazimika kuzunguka nacho kadiri jua linavyosogea. Karani hupata ukingo wa paa. Afisa hupata mwavuli, mkurugenzi hupata turubai dogo, na turubai kubwa ni la viongozi wa juu, ambapo katikati, juu ya zulia, kuna kiti kimoja cha kifahari cha mgeni rasmi. Watoto hawana cheo. Mtu akipandishwa cheo jirani huja kumwambia, "Hongera, umepoa." Na mtu akifukuzwa kazi, huambiwa tu atoke nje.

Mwanakheri alivua kanga yake ya juu, akaitanda juu ya kichwa cha Raziki. Haikupita hata dakika mbili, mhudumu mmoja akaacha mlingoti wake akaja mbio.

"Mama, hicho kivuli kina kibali?"

"Hii ni kanga."

"Naona ni kanga. Nauliza kivuli chake."

Ikazuiwa. Sasa mtoto alibaki uso wazi, na mama mtu mzima akabaki ameuma meno. Alijisogeza akasimama upande wa jua ili mwili wake umkinge Raziki, naye alikuwa mwanamke aliyejaliwa, kwa hiyo kwa muda ilisaidia. Lakini jua lilikuwa linapanda, na kadiri lilivyopanda, mwili wa shangazi ulizidi kutofaa kitu.

Kwenye mstari, nyuma yao, alisimama msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Tunu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na ngozi ya pua ilikuwa ikibanduka. Raziki akamuuliza mtelezo gani ni mzuri zaidi.

"Sijui," alisema Tunu. "Sijawahi kupanda."

"Lakini wewe si wa hapahapa?"

"Nakuja kila mwaka tangu nina miaka sita. Kwanza tunapangwa mistari. Halafu tunamngoja mgeni rasmi, hawezi kuja mapema, mgeni rasmi akija mapema watu watasema hana kazi. Akishakaa tunaimba, halafu anahutubia. Akimaliza kufungua maji, kengele inalia, inakuwa saa kumi na mbili. Muda wa kufunga maji." Tunu alilieleza hilo bila uchungu wowote, na hapo ndipo Mwanakheri alipoelewa kwa nini maji yale yalikuwa safi vile.

Saa tano ikapita. Saa tano na nusu wakaitwa mbele ya Kikao cha Mikono. Mwenyekiti wake alikuwa Katibu Mkuu wa Vivuli, Bi. Stara, mwanamke mwenye sauti laini na miwani ya aina mbili, moja ya kusomea na moja ya kutosomea. Wajumbe walikaa ndani ya turubai. Mlalamikaji na mtoto walisimama nje ya kamba, juani, hatua tatu kutoka kwenye ubaridi wa feni.

Mjadala ulikuwa mzito. Mjumbe mmoja alisema mkono mrefu ni dharau kwa Tume. Wa pili alisema yeye hana tatizo na mkono mrefu mradi uwe mfupi. Wa tatu alitaka kujua kama mtoto akivaa mkono mrefu mmoja na mfupi mmoja, wastani wake hautakuwa kwenye kiwiko. Hilo liliwafurahisha wote, wakalipigia makofi, likapelekwa kwenye kamati ndogo.

"Waheshimiwa," alisema Mwanakheri, "mimi ni fundi. Nguo naijua. Sibishani na sentimita zenu. Huyu mtoto ngozi yake haina kinga. Akichomwa leo, si kwamba atalia halafu basi. Yanaweza kuja kuota madonda yasiyopona. Mrudishieni mafuta na kofia, mkono wa nguo mtaujadili mpaka mwakani."

Bi. Stara alivua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. "Tumekusikia, mama, na tumeguswa sana. Watoto wetu ndio hazina yetu. Lakini tukisema linamchoma huyu, kesho atakuja mwingine aseme linamchoma na yeye. Tutasimamia wapi?"

"Simameni hapa nilipo mimi," alijibu Mwanakheri. Wajumbe waliona amekosa adabu, wakaahirisha kikao.

Ilipofika saa sita na nusu Raziki alimvuta kanga ya chini. Hakuwa mtoto wa kudeka. Mashavu yake yalikuwa yamegeuka mekundu, na macho ameyafinya mpaka yamebaki kama mishono.

"Shangazi, uso unawaka. Tuondoke tu. Maji nimeshayaona."

Maneno hayo yalimchoma Mwanakheri kuliko jua la nchi yoyote. Mtoto amesafirishwa, ameshonewa, ameahidiwa, naye anashukuru kwamba ameyaona maji. Alitamani kulia, lakini hasira ikawahi kufika kabla ya machozi. Akamgeukia Bwana Futikamba, aliyekuwa amehamishiwa karibu yao na mwavuli wake.

"Baba, nikuulize jambo moja. Huyo mgeni rasmi mnamjuaje? Mnayo picha yake?"

"Picha ya nini, mama? Hubadilishwa kila mwaka. Sisi hatuangalii sura. Tunaangalia kivuli. Aliyekaa kwenye kile kiti kati ya zulia, huyo ndiye."

"Na akishakaa, nani anaweza kumwondoa?"

"Mwenye kivuli kikubwa kuliko chake."

"Yupo?"

Bwana Futikamba alifikiri kwa makini, maana alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake. "Hayupo," akasema.

Mwanakheri hakungoja zaidi. Alimbeba Raziki mgongoni, miaka minane yote ile, akaruka kamba, akapita katikati ya wakuu na soda zao, akamkalisha mtoto kwenye kiti cha kifahari. Feni nne zikampepea.

Mjumbe mmoja alifungua kinywa, akatazama kiti, akatazama zulia, akakifunga tena. Kisha Bi. Stara akasimama polepole, akainamisha kichwa. Bendi iliyokuwa kando ya turubai ikapiga. Watoto mia tatu, ambao walikuwa wameingoja bendi hiyo tangu asubuhi, wakaanza kuimba kwa sauti zilizokauka. Siwalaumu wale wakubwa. Mtu aliyefundishwa maisha yake yote kusujudia kiti hawezi kuanza ghafla kutazama aliyekikalia.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema Bi. Stara, akimkabidhi karatasi kumi na nne, "hotuba yako."

Raziki aliisogeza karatasi ya kwanza mpaka ikakaribia pua, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Ndugu... wananchi. Watoto... ni taifa... la kesho." Akaishusha.

"Ni ndefu," alisema. "Mimi naomba watoto wote waje hapa kivulini."

"Mheshimiwa, hapatatosha. Hawa viongozi watakaa wapi?"

"Si watasimama pale waliposimama watoto."

"Juani?"

Raziki alimtazama shangazi yake, kisha akamtazama Bi. Stara. Hakuwa anamkejeli, aliuliza kwa sababu alitaka kujua. "Kwani si mmesema halichomi?"

Kukataa kungekuwa kuipinga Tume. Viongozi wakatoka mmoja mmoja wakiwa na soda zao. Mlangoni mwa turubai Mwanakheri alisimama akiwapokea zile kofia. "Kofia inaficha sura, mheshimiwa. Mgeni rasmi anataka kuona nyuso zenye furaha." Akaziweka chungu nzima mikononi mwa Tunu, akazigawe.

Dakika tano za kwanza viongozi walifanya utani. Dakika ya kumi walianza kuulizana saa. Ya kumi na tano, soda zilikuwa zimepata moto, na mjumbe wa wastani wa mikono alikuwa amekunja koti lake kichwani mpaka mhudumu alipomwendea kumwuliza kibali. Bwana Futikamba, ambaye mwavuli wake ulikwenda kwa watoto wadogo kabisa, alikishika kipara chake kwa kiganja, akakiondoa kiganja haraka, akakirudisha taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu asiyemjua.

Saa nane mgeni rasmi halisi akawasili. Alishuka garini akasimama juani, na kwa kuwa alisimama juani hakuna aliyemtambua. Bwana Futikamba alimpima mkono wa koti, akakuta sentimita tisini na moja na umevuka kiwiko, akamwomba alivue na kujiunga na mstari. Yule bwana alivua. Naye pia ni mzaliwa wa Kivulini.

Mafuta yakarudishwa. Mwanakheri alimpaka Raziki uso, masikio na shingo, taratibu, akitafuta malengelenge. Hayakuwepo. Usiku ngozi ingewasha, labda ingechubuka kidogo, lakini wamewahi. Alipolijua hilo akakaa palepale kwenye zulia, akalia kwa kwikwi kati ya watoto mia tatu waliokuwa wakigombania feni.

Walikaa humo kwa saa mbili zaidi, wakiimba nyimbo zao wenyewe ambazo hazina mstari mmoja wa kumkaribisha mtu. Saa kumi, jua likiwa limepoa, Raziki aliulizwa kama angependa kuyafungua maji. Akasema ndiyo. Bi. Stara alitafuta utepe na mkasi, na alipogeuka mtoto alikuwa amekwishafika juu ya ule mtelezo uliojipinda, kola kidevuni, mikono hadi viganjani, Tunu nyuma yake. Alipiga kelele toka juu mpaka chini. Alizama, akaibuka, akatema maji, akapiga kelele tena. Nyuma yake wakaja wengine, na maji yaliyokuwa hayajaguswa miaka yote yakawa ya rangi ya chai, na hakuna aliyekufa.

Ilipokaribia saa kumi na mbili Bi. Stara aliweka meza kando ya bwawa ili kuandika taarifa ya siku, kama sheria inavyotaka, na mgeni rasmi aitie sahihi. Alikuwa na kitambaa chenye maji juu ya kichwa. Raziki akaitwa. Alikuja akichuruzika, akaisogeza karatasi puani, akasoma.

"Jua la Kivulini... limeanza kuchoma... leo... saa saba na dakika ishirini mchana."

Akanyanyua uso. "Na kabla ya saa saba?"

"Kabla ya hapo hatuna taarifa yoyote, mheshimiwa," alisema Bi. Stara kwa upole. "Hakuna aliyelalamika."

Raziki alikwenda bwawani, akamshika Tunu mkono, akamleta mpaka mbele ya meza, akamsimamisha pale na midomo yake iliyopasuka na pua yake inayobanduka.

Bi. Stara alimtazama Tunu. Alijaribu miwani ya kwanza, akajaribu na ya pili. Kisha akachukua kalamu, akakata neno *leo*, na juu yake, kwa mwandiko mdogo, akaandika *jana*. Akamsogezea Raziki karatasi aweke sahihi.

Raziki aliisoma, akairudisha mezani, na akabaki amesimama palepale na Tunu, maji yakiwachuruzika, akingoja Bi. Stara akate tena.